Si Kila Anayefakamia ni Mlafi

Lugha yetu haina uhaba wa maneno ya kumsema mtu anayekula kupita kiasi. Tunaye mlafi, tunaye mroho, tunaye mwenye umero. Kitendo chenyewe nacho tumekipa vitenzi vyake: kufakamia, kubugia, kulafua. Maneno yote hayo yanafanana kwa jambo moja, nalo ni kwamba yanahukumu na wala hayaulizi. Anayeitwa mlafi amekwisha kuhukumiwa kabla hajajieleza, na hukumu yenyewe ni kwamba hakulelewa vema, ana tabia mbaya, na siku akitaka kuacha ataacha.

Katika insha hii nataka kufuata historia ya swali moja tu. Je, yuko mtu anayekula kupita kiasi si kwa sababu anapenda, bali kwa sababu ameshindwa kujizuia? Na kama yuko, anasaidiwaje? Swali hili linaonekana dogo, lakini wataalamu wa dunia walichukua muda mrefu mno kulijibu. Jibu lao rasmi ni la mwaka 2013, yaani juzi tu. Mimi ni mwalimu, si daktari. Nililazimika kuisoma historia hii kwa sababu ya mtu mmoja ambaye nitamtaja baadaye bila jina lake, na nimeona si haki kubaki nayo peke yangu.

Tuanze mbali. Wagiriki wa kale walikuwa na neno boulimia, lililoundwa kwa maneno mawili, ng'ombe na njaa. Ni njaa ya ng'ombe, yaani njaa kubwa isiyo ya kawaida. Xenophon, aliyekuwa mmoja wa makamanda wa jeshi la askari wa kukodiwa miaka 400 hivi kabla ya Kristo, ameandika jinsi askari wake walivyoanguka njiani katika theluji ya Armenia. Hakujua wamepatwa na nini mpaka mtu mwenye uzoefu alipomwambia kuwa hiyo ni boulimia, na kwamba wakila chochote watasimama. Akapita akiwagawia chakula, nao wakainuka wakaendelea na safari. Naomba msomaji aikumbuke habari hii, maana neno ambalo leo madaktari wanalitumia kwa mtu anayekula kupita kiasi lilianza kama neno la mtu aliyekosa chakula. Tutaona kwamba mambo hayo mawili hayako mbalimbali kama tunavyodhani.

Baada ya Wagiriki, kwa karne nyingi jambo hili lilikuwa mikononi mwa viongozi wa dini. Katika karne ya 4, mtawa Evagrius wa jangwani Misri aliorodhesha mawazo manane yanayompotosha mwanadamu, na ulafi akauweka wa kwanza. Mwishoni mwa karne ya 6 Papa Gregori wa Kwanza akapanga upya orodha hiyo, na ndiyo iliyokuja kujulikana kama dhambi saba kuu, ulafi ukiwamo. Waislamu nao wamefundishwa kula na kunywa bila israfu, na kuligawa tumbo mafungu matatu: la chakula, la maji, na la kuvuta pumzi. Mafundisho hayo ni mema na sina nia ya kuyapinga. Yamewasaidia watu wengi kuishi kwa kiasi. Lakini fundisho la kujizuia humfaa yule ambaye uwezo wa kujizuia anao. Aliyeupoteza, ukimhimiza ajizuie bila kumwonyesha namna, utakuwa umemwongezea aibu tu, na aibu haijapata kumponya mtu.

Mwaka 1873 madaktari wawili, William Gull wa Uingereza na Charles Lasègue wa Ufaransa, kila mmoja kwa upande wake, walitoa maelezo ya wasichana waliokuwa wakijinyima chakula mpaka kubaki mifupa mitupu. Wakasema wazi kwamba hayo ni maradhi. Ugonjwa huo ukaitwa anoreksia. Hivyo anayekataa chakula alipewa jina la mgonjwa mwaka 1873, na anayeshindwa kuacha kula akalipata mwaka 2013. Kati yao kuna miaka 140. Sababu yake si ngumu kuielewa. Aliyekonda humtia mtu huruma, na anayefakamia humtia kicheko.

Ufunguo wa kwanza wa jambo hili ulipatikana mahali ambapo hakuna aliyekuwa akiutafuta. Mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili ilifahamika kwamba mamilioni ya watu wa Ulaya wako katika njaa, na wataalamu hawakujua namna nzuri ya kuwarudisha katika hali ya afya. Mwanasayansi Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, akaomba vijana wa kujitolea. Waliojitokeza ni wanaume waliokataa kupigana vita kwa sababu ya imani na dhamiri zao, lakini walitaka kutoa mchango wao kwa njia nyingine. Walichaguliwa 36, wote wazima wa mwili na akili. Jaribio lilianza Novemba 1944. Kwa miezi mitatu walilishwa kawaida. Kisha kwa miezi sita wakapewa chini kidogo ya nusu ya chakula walichozoea, hasa viazi, mboga za mizizi, mkate na makaroni, huku wakitakiwa kutembea kilometa 35 hivi kila juma. Kila mmoja alipoteza karibu robo ya uzito wake.

Kilichowashangaza watafiti hakikuwa kukonda, kwa maana hilo walilitarajia. Walishangazwa na akili. Vijana hao waliokuwa wakizungumza habari za amani na mambo ya dunia sasa waliongea chakula tu. Walikusanya vitabu vya mapishi, waliota chakula, walilamba sahani, walikaa na mlo mmoja muda mrefu wakiuchezea. Baadhi yao walishindwa kabisa, wakavunja masharti na kula kwa siri chochote walichokipata, kisha wakajichukia kwa kitendo hicho. Na jaribio lilipokwisha, na chakula kikawa tele, wako waliokula mlo juu ya mlo mpaka tumbo likauma, huku wakisema bado wana njaa. Hali hiyo iliendelea kwa baadhi yao kwa miezi mingi. Keys na wenzake walichapisha matokeo hayo mwaka 1950 katika kitabu cha majuzuu mawili.

Wahenga wetu hawakuhitaji majuzuu mawili. Walisema mwenye njaa hana miiko. Sisi tuliokuwa vijana wakati wa ukame wa mwaka 1974, tulipokula ugali wa mahindi ya njano kutoka ng'ambo, tunajua kwamba sahani ya kwanza ya wali baada ya miezi mirefu hailiki polepole. Lakini jaribio la Minnesota liliongeza jambo ambalo methali haikulisema: njaa ikiisha tumboni inaweza kubaki kichwani. Wale vijana 36 hawakuwa walafi. Walichaguliwa kwa sababu ya uthabiti wao. Kama watu wa namna hiyo waliweza kufikishwa mahali pa kufakamia kwa kunyimwa tu, basi ni vigumu kusema kwamba kufakamia ni ukosefu wa malezi.

Mwaka 1959 daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Albert Stunkard, alichapisha makala juu ya namna watu wanene wanavyokula. Aligundua kwamba hawafanani. Wako waliokula zaidi usiku, na wako ambao siku nyingi walikula kawaida, kisha ghafla wakashikwa na hali ya kula chakula kingi mno kwa muda mfupi, bila raha, na mwisho wakabaki na majuto makubwa. Stunkard alikuwa wa kwanza kuipambanua hali hiyo vizuri katika maandishi ya kitabibu. Mtu huyohuyo, miaka mingi baadaye, mwaka 1986, alikuwa pamoja na waliochunguza watu wa Denmark waliolelewa na wazazi wasiowazaa, wakaona kwamba unene wao ulifuata wazazi wa damu na si wazazi wa kulea. Nalitaja hili ili tusichanganye mambo. Unene ni jambo moja na kufakamia ni jingine. Yuko mnene ambaye hajafakamia maisha yake yote, na yuko mwembamba anayefakamia kila juma.

Msaada wa kwanza wa pamoja haukutoka kwa madaktari, ulitoka kwa waliokuwa wakiumia. Huko Los Angeles mama mmoja aitwaye Rozanne S. alihudhuria mwaka 1958 mkutano wa watu waliokuwa wakisaidiana kuacha kamari. Akasikia wakieleza jinsi wanavyojificha, wanavyodanganya na wanavyoahidi kuacha kesho, akajitambua, ingawa yeye hakucheza kamari. Kwake ilikuwa ni chakula. Mnamo Januari 1960, pamoja na wanawake wengine wawili, alianzisha mkutano wa kwanza wa chama cha watu wanaokula kupita kiasi, Overeaters Anonymous, kwa kufuata mfano wa walevi waliojiunga kusaidiana tangu mwaka 1935. Si kila mtaalamu anakubaliana na njia zote za chama hicho, hasa kule kuhesabu baadhi ya vyakula kuwa haramu kwa mtu. Lakini kilifanya jambo moja kubwa: kilimpa mtu mahali pa kusema kwa sauti kile alichokuwa akikifanya gizani.

Mwaka 1975 watafiti wawili, Peter Herman na Deborah Mack, walifanya jaribio dogo ambalo mwalimu yeyote atalipenda kwa wepesi wake. Waliwapa wanafunzi wa kike wa chuo kikuu maziwa mazito matamu, wengine bilauri moja, wengine mbili, wengine wasipewe. Kisha wote wakaambiwa waonje aiskrimu kadiri wanavyotaka. Wale ambao hawakuwa na desturi ya kujibana katika kula, kadiri walivyokunywa maziwa ndivyo walivyopunguza aiskrimu. Hilo ni jambo la kawaida. Lakini wale waliokuwa wakijibana kila siku walifanya kinyume: waliokunywa maziwa walikula aiskrimu nyingi zaidi kuliko wenzao ambao hawakunywa. Ilikuwa kana kwamba kila mmoja alijiambia kuwa sharti limekwisha kuvunjika, basi na liwe liwalo. Hapo ikaanza kueleweka kwamba masharti makali ya kujinyima, ambayo watu huyatumia kama dawa ya kufakamia, mara nyingi ndiyo yanayokuzaa kufakamia.

Mwaka 1979 Gerald Russell, daktari wa London, alieleza habari za wagonjwa 30 waliokuwa wakifakamia kisha wakijitapisha au kutumia dawa za kuendesha ili wasinenepe. Akauita ugonjwa huo bulimia nervosa, akilirudisha lile neno la kale la Kigiriki. Wengi walidhani ni ugonjwa wa nadra. Lakini mwaka 1982 Christopher Fairburn na mwenzake Peter Cooper wa Oxford walichapisha matokeo ya tangazo lililowekwa katika gazeti moja la wanawake, likiwaomba wanaojitapisha ili kupunguza uzito wajitokeze kwa barua. Mamia waliandika. Wengi walikuwa na dalili zote za maradhi, na waliokuwa wakitibiwa walikuwa wachache mno. Maradhi hayakuwa nadra, yalikuwa yamefichwa.

Fairburn ndiye aliyetengeneza njia ya matibabu ambayo hadi leo ndiyo yenye ushahidi mwingi zaidi. Aliieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1981, na mwaka 1995 akaiandika katika kitabu cha watu wa kawaida ili mtu aweze kujisaidia. Nitaieleza njia hiyo kwa kupitia habari ya mtu niliyeahidi kumtaja.

Huyu ni mwalimu aliyefundisha chini yangu nilipokuwa mkuu wa shule. Alikuwa mtu hodari, msafi wa kazi, asiyechelewa kipindi. Miaka kadhaa baada ya mimi kustaafu alikuja nyumbani jioni moja, akanipa shikamoo, akakaa muda mrefu bila kusema. Kisha akanieleza kwamba mkewe ameondoka kwenda kwao. Mke alikuwa amehesabu fedha za mshahara zisizojulikana zilikokwenda na usiku ambao mume alichelewa kurudi, akaamua kwamba kuna nyumba ndogo. Nyumba ndogo haikuwapo. Fedha zilikwenda katika mikate, chipsi, maandazi na soda, alivyonunua katika maduka matatu tofauti ili asigundulike, na kuvila akiwa amejifungia katika ofisi ya walimu taa zikiwa zimezimwa. "Mwalimu," aliniambia, "ni afadhali aamini nina mwanamke kuliko ajue ukweli." Mwanamume kuwa na hawara aliona watu watamwelewa. Mwanamume kula mikate mitatu gizani huku machozi yanamtoka, hilo aliona hakuna atakayelielewa.

Alikuwa amekwenda hospitali kwa ajili ya shinikizo la damu, akaambiwa apunguze uzito. Alilitii agizo hilo kwa bidii ileile aliyokuwa nayo darasani. Alijinyima kifungua kinywa, akajinyima chakula cha mchana, na jioni akashindwa. Kadiri alivyoshindwa jioni ndivyo alivyojiadhibu kesho yake kwa kushinda na njaa. Nilipokuja kusoma habari za vijana wa Minnesota na za wale wasichana wa aiskrimu, nilimwona yeye humo.

Msaada aliupata, ingawa haukuja kwa siku moja. Katika hospitali ya wilaya alimpata mganga aliyemsikiliza bila kucheka, naye akamwelekeza kwa muuguzi aliyesomea afya ya akili. Muuguzi huyo hakumpa orodha ya vyakula vya kuacha. Alimpa daftari. Kila alipokula chochote aliandike palepale: saa ngapi, wapi, nini, na alikuwa akijisikiaje. Rafiki yangu aliniambia kuwa sharti hilo lilimwia jepesi kuliko mengine, kwa kuwa mwalimu amezoea maandalio ya somo na shajara ya kazi. Baada ya majuma mawili daftari likaanza kusema. Alikuwa akifakamia siku alizoshinda bila kula, siku za kikao kilichoisha vibaya, na Jumapili jioni.

Sharti la pili ni kula. Hapo ndipo wengi hushangaa. Ale kifungua kinywa, ale mchana, ale jioni, na katikati ale kidogo, asipitishe saa nne bila kitu, awe na njaa asiwe nayo, hata kama jana yake alifakamia. Mwenye tatizo huogopa kwamba akifanya hivyo ataongezeka. Lakini mwili unaojua kwamba chakula kinakuja hauna sababu ya kunyakua. Sharti la tatu ni kupanga mapema jambo la kufanya saa ile ya hatari: kutembea, kwenda kwa jirani, kupiga simu. Na la nne, ambalo huchukua muda mrefu zaidi, ni kuangalia yale yaliyo chini ya kula, yaani huzuni, hasira, upweke, na tabia ya kupima thamani ya mtu kwa kilo zake. Hayo kwa ufupi ndiyo matibabu ya Fairburn, na ndiyo aliyopewa mwalimu huyu katika chumba kidogo chenye viti viwili.

Hakupona kama mtu anavyopona malaria. Alianguka mara kadhaa, na kila mara muuguzi alimwambia kwamba kuanguka jioni moja si kurudi mwanzo. Mkewe alirudi baada ya mume kumwonyesha daftari. Sikuwapo, na sijui walisemezana nini. Ninachojua ni kwamba lile alilodhani litaivunja ndoa kabisa ndilo lililoirudisha.

Turudi katika historia. Mwaka 1994 Chama cha Madaktari wa Akili wa Marekani, katika toleo la nne la mwongozo wao wa magonjwa, kilikitaja kufakamia kusikofuatwa na kujitapisha, lakini kikakiweka katika nyongeza, kama jambo linalohitaji kuchunguzwa zaidi. Uchunguzi ukafanyika. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya mahojiano na Wamarekani zaidi ya 9,000. Ilionekana kwamba wanawake 3.5 na wanaume 2 katika kila 100 wamepata kuwa na maradhi hayo wakati fulani wa maisha yao, idadi kubwa kuliko ya anoreksia na bulimia zikijumlishwa. Mwaka 2013 toleo la tano likayatambua kuwa ni maradhi kamili. Kipimo chake ni kula chakula kingi kupita kawaida kwa muda mfupi huku mtu akijiona hana uwezo wa kuacha, angalau mara moja kwa juma kwa miezi mitatu, na kufadhaika sana kwa ajili hiyo. Shirika la Afya Duniani nalo likayaingiza katika orodha yake mpya, iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Orodha hiyo ni ya dunia nzima, sisi tukiwamo.

Pamoja na madaktari, watu mashuhuri wachache walisaidia kwa kusema. Diana, aliyekuwa mke wa mrithi wa kiti cha Uingereza, alieleza bulimia yake katika televisheni Novemba 1995. Mwaka 2008 John Prescott, aliyekuwa Naibu Waziri Mkuu wa nchi hiyo kwa miaka kumi, baharia wa zamani na mtu wa maneno makali, alitangaza kwamba kwa miaka mingi alifakamia na kujitapisha kwa siri kutokana na msongo wa kazi. Wako waliomdhihaki. Lakini tangu hapo ikawa vigumu zaidi kusema kwamba hayo ni maradhi ya wasichana.

Najua wako watakaosema haya ni maradhi ya Wazungu. Nawaomba wasikie habari ya Fiji. Katika visiwa hivyo mwili mnene uliheshimiwa tangu zamani. Televisheni iliingia katika eneo la Nadroga mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker wa Marekani aliwahoji wasichana wa shule mwaka huo, hakumkuta hata mmoja aliyejitapisha ili apungue. Aliporudi mwaka 1998 aliwakuta 11.3 katika kila 100. Miaka mitatu ilitosha. Sisi leo tuna televisheni, tuna simu mkononi mwa kila kijana, tuna matangazo ya dawa za kupunguza tumbo kwenye nguzo za umeme. Sioni ukuta unaotukinga.

Wengine watasema msaada wa namna hiyo ni wa nchi tajiri. Hilo nalo historia inalikataa. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya kazi iliyofanyika katika vijiji 30 vya Uganda, ambako watu wa kawaida, si madaktari, walifundishwa kuongoza vikundi vya mazungumzo kwa waliokuwa na sonona, na waliohudhuria wakapata nafuu kubwa. Nchini Zimbabwe daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wazee kuwasikiliza wenye msongo wakiwa wamekaa kwenye benchi nje ya zahanati, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ukaonyesha kuwa inafaa. Hiyo ilikuwa tiba ya huzuni, si ya kufakamia. Lakini njia ya vikundi iliyotumika Uganda ni ya ukoo mmoja na ile iliyojaribiwa Marekani mwaka 1993 kwa watu wanaofakamia, na ikawasaidia. Nako Uingereza, mwongozo wa mwaka 2017 unashauri kwamba mwenye kufakamia aanze na kitabu cha kujisaidia pamoja na mtu wa kumwongoza, vikao vinne hadi tisa vya dakika 20 kila kimoja. Kitabu, daftari na dakika 20 si mambo yanayotushinda. Kilichopungua ni kitabu chenyewe kwa Kiswahili, na masikio.

Mwongozo huohuo unasema jambo ambalo ningependa liandikwe juu ya mlango wa kila zahanati: kwamba lengo la matibabu haya si kupunguza uzito. Lengo ni kuacha kufakamia. Uzito unaweza kupungua au usipungue. Anayekwenda kutafuta msaada na aelewe hivyo tangu mwanzo, asije akakata tamaa kwa sababu ya mizani. Yako pia madawa ambayo madaktari hutumia kwa baadhi ya wagonjwa, lakini hayo si ya kununua dukani kwa ushauri wa rafiki. Na mwenye kujitapisha asichelewe kumwona daktari, kwa maana kutapika mara kwa mara huharibu meno na kupunguza chumvi za mwili ambazo moyo unazihitaji.

Kwa wale wanaoishi na mtu wa namna hii nina maneno machache. Msimfungie kabati la chakula, msihesabu vijiko vyake mbele ya wageni, msimwite jina. Mwulizeni faraghani, mkiwa wawili, na mkishauliza mnyamaze asikike. Kwa walimu wenzangu walioko kazini nasema vilevile. Mwanafunzi anayekutwa na mabaki ya chakula chini ya kitanda bwenini huenda ni mwizi, huenda ni mlafi, na huenda ni mgonjwa. Fimbo haiwezi kutofautisha watatu hao.

Na kwa wewe unayefanya jambo hili gizani, mficha maradhi kifo humwumbua, ndivyo tulivyofundishwa. Katika historia yote niliyoieleza, kuanzia barua zilizoandikwa kwa gazeti lile la Uingereza mpaka mwalimu wangu katika ofisi isiyo na taa, karibu kila mmoja alidhani yuko peke yake. Hakuna aliyekuwa peke yake. Mtafute mtu mmoja unayemwamini, mwambie, kisha nenda hospitali ya wilaya ukaulize huduma ya afya ya akili. Na kesho asubuhi, hata kama usiku wa leo umeshindwa, kunywa chai yako na ule kitafunio chake.